Usaili Huanza kwenye Tangazo

Ajira nyingi za serikali Tanzania Bara hupitia mlango mmoja, nao ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Chombo hiki kilitokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002. Kinatangaza nafasi, kinapokea maombi kupitia mfumo wa Ajira Portal, kinaendesha usaili na kuwapanga waliofaulu kwa waajiri. Zipo taasisi zinazoajiri zenyewe, na majeshi yana utaratibu wake, lakini hatua hazitofautiani sana: tangazo, maombi, mchujo wa maandishi, usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kisha mahojiano ya ana kwa ana.

Wingi wa watu ndio uliozaa hatua hizo. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilipohitaji watu 70, waombaji zaidi ya 10,000 waliitwa kufanya usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakajaa kwenye viti vya mashabiki wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi zaidi ya 135,000. Hakuna jopo linaloweza kuwasikiliza watu wa idadi hiyo mmoja mmoja. Kwa hiyo hatua za mwanzo zipo ili kupunguza watu, na mwombaji anayeliona hilo mapema hujiandaa vingine kabisa na yule anayedhani usaili ni siku ya kuvaa suti na kujieleza.

Kusoma tangazo

Tangazo la kazi serikalini huwa na sehemu tatu zinazohusu nafasi yenyewe: majukumu ya kazi, sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara. Waombaji wengi hukimbilia sehemu ya pili kuangalia kama wanafaa, wakatupia macho ya tatu kwa sababu zinazoeleweka, na ya kwanza wakairuka. Hapo ndipo maandalizi yanapoharibika. Orodha ya majukumu inatokana na muundo wa utumishi wa kada husika, na mtunga maswali hana pa kuanzia zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, mtihani umekwisha kutangazwa, ila haujaandikwa kwa alama za kuuliza.

Nafasi ya Dereva Daraja la II ni mfano mzuri kwa kuwa tangazo lake hubadilika kidogo sana mwaka hadi mwaka. Sifa ni cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C, uzoefu wa kuendesha bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kinachotambuliwa na serikali. Majukumu huanza na kukagua gari kabla na baada ya safari, kisha kuwapeleka watumishi kwenye safari za kikazi, kufanya matengenezo madogo madogo, kukusanya na kusambaza nyaraka, kujaza na kutunza taarifa za safari katika daftari la safari, na kufanya usafi wa gari. Ukilichukua jukumu la kwanza peke yake unapata maswali ya kutosha. Ni vitu gani hukaguliwa injini ikiwa bado ya baridi? Kwa nini kiwango cha oili hakipimwi gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko? Tairi hujulikanaje kuwa imekwisha, na spea na jeki hukaguliwa lini? Jukumu la daftari la safari nalo lina maswali yake: huandikwa nini kabla ya kuondoka, nani huidhinisha safari, na dereva afanye nini bosi anapomtaka apitie mahali ambapo hapamo katika safari iliyoidhinishwa. Swali hili la mwisho halipimi udereva, linapima uadilifu, na madereva wazuri huanguka hapo kwa sababu walijiandaa kwa alama za barabarani tu.

Njia ya kufanya kazi na tangazo ni rahisi. Kila jukumu liandikwe juu ya ukurasa wake wa daftari, na chini yake yaandikwe mambo manne: kazi hiyo hufanywaje hatua kwa hatua, sheria au mwongozo gani unaihusu, kitu gani huharibika mara nyingi, na mwombaji mwenyewe aliwahi kufanya nini kinachofanana nayo, hata kama ilikuwa mafunzo kwa vitendo au kazi ya kujitolea. Ukurasa utakaobaki mtupu unaonyesha mahali pa kuanza kusoma. Mwombaji mwenye majukumu manane na kurasa nane zilizojaa ameshawazidi wengi wanaoranda mitandaoni kutafuta maswali ya usaili wa mwaka jana.

Kurasa hizo zijazwe kwa mambo ya sasa. Afisa ugavi anayeeleza ununuzi wa umma kwa Sheria ya mwaka 2011 amepitwa, kwa kuwa Sheria mpya ilitungwa mwaka 2023, na mfumo wa TANePS umeachwa ukaja NeST. Afisa utumishi anayezungumzia OPRAS kana kwamba ndiyo inayotumika atajibiwa kwa ukimya, maana upimaji wa utendaji kazi umehamia PEPMIS. Vitabu vya chuoni havikimbizani na mabadiliko haya, lakini tovuti za wizara na taasisi huyatangaza.

Nyaraka

Tangazo la kuitwa kwenye usaili hurudia masharti yaleyale kila mara, na kila mara wapo wanaorudishwa getini. Msailiwa hutakiwa kuwa na kitambulisho: cha Taifa, cha mpiga kura, cha mkazi, cha kazi, leseni ya udereva au hati ya kusafiria, na asiye na kimojawapo huja na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji. Hutakiwa pia kuwa na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kwa aliyefika huko, hadi cha taaluma. Karatasi za matokeo, matokeo ya muda na barua za shule hazikubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji uthibitisho: wa TCU kwa shahada, wa NACTVET kwa vyeti vya vyuo vya kati, wa NECTA kwa sekondari. Wauguzi, wahandisi, wafamasia na wengine wenye bodi za kitaaluma huongeza cheti cha usajili na leseni hai ya kufanyia kazi.

Ukali huu una historia. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Mhakiki anayegeuza cheti na kukiangalia kwenye mwanga hana ugomvi na mtu, analinda kazi yake.

Tatizo linalokwamisha watu wengi zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanaid, cha chuo kina majina mawili badala ya matatu, na kitambulisho cha Taifa kimebeba jina la babu ambalo halipo kwingine. Kwa tofauti za namna hii hutakiwa hati ya kiapo ya jina, maarufu kama Deed Poll, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hiyo haipatikani kwa saa moja asubuhi ya usaili. Vyeti vyote vitandazwe mezani siku ile ya kutuma maombi, majina yasomwe herufi kwa herufi, na hitilafu ianze kushughulikiwa siku hiyohiyo. Cheti cha kuzaliwa kilichopotea nacho hufuatiliwa RITA mapema, kwa sababu foleni huko hazijui ratiba ya mtu.

Kuna vitu vidogo viwili ambavyo havipo kwenye bahasha ila vina uzito uleule. Kimoja ni namba ya usaili, ambayo msailiwa huichukua mwenyewe kwenye akaunti yake ya Ajira Portal na hapewi siku ya usaili. Kingine ni mkoa aliouandika kwenye akaunti kuwa ndipo anapoishi. Zamani watu wa Kagera na Mtwara walisafiri siku nzima kwa ajili ya mtihani wa saa moja. Sasa mchujo wa kada nyingi hufanyika mikoani, na aliyeacha anwani ya chuo alichohitimu miaka mitatu iliyopita hujikuta amepangiwa kituo cha mbali na nyumbani. Chakula, nauli na malazi ni juu ya msailiwa.

Mchujo na vitendo

Mchujo ni mtihani mfupi, aghalabu wa maswali ya kuchagua jibu, na katika miaka ya karibuni umehamia kwa kiasi kikubwa kwenye kompyuta. Maswali mengi hutoka kwenye taaluma ya kada, mengine kwenye maarifa ya jumla ya utumishi wa umma. Adui mkubwa hapa ni saa. Aliyezoea mitihani ya chuo ya kuandika kurasa hutumia dakika tano kwenye swali gumu, kisha hukimbizana na dakika kumi za mwisho. Dawa yake ni mazoezi ya kupima muda: maswali 40 kwa dakika 40, simu ikiwa mbali, na kanuni ya kuruka linalokataa na kulirudia baadaye. Kwa asiyeshika kipanya mara kwa mara, saa mbili kwenye kompyuta ya jirani au ya kwenye duka la stesheneri zina faida kuliko sura nyingine ya kitabu.

Usaili wa vitendo unazihusu kada chache, na maandalizi yake hayana ujanja. Dereva huendesha, fundi hufungua na kufunga, mwandishi mwendesha ofisi huchapa na kuandika hatimkato. Matangazo ya kada hiyo ya mwisho yamezoea kutaja maneno 100 kwa dakika kwa Kiswahili na Kiingereza, kasi ambayo vidole huipoteza haraka visipotumika. Mwezi mmoja wa mazoezi ya kila siku hurudisha kilichopotea, ilhali wiki moja haitoshi.

Mbele ya jopo

Aliyefika kwenye mahojiano ameshawaacha nyuma wengi, na hapa ndipo imani potofu zinapochanua. Wengi huamini kuwa jopo hutafuta mtu anayevutia: tabasamu, mkono imara, maneno makubwa. Majopo ya utumishi wa umma hayafanyi kazi hivyo. Wasailiwa wa nafasi moja huulizwa maswali yaleyale, kila msaili huandika alama zake kwenye fomu, na alama hujumlishwa. Utaratibu huu haukuzuka tu. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani Frank Schmidt na John Hunter walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakaonyesha kwamba mahojiano yenye maswali yaliyopangwa hubashiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko mazungumzo huru. Tafiti za baadaye zimepunguza baadhi ya takwimu zao, ila hoja hiyo imesimama.

Maana yake kwa msailiwa ni kwamba kila swali lina hoja zinazosubiriwa. Msaili ana karatasi yenye, tuseme, mambo matano, na anaweka alama kwa kila linalotajwa. Jibu refu lenye jambo moja lililozungushwa mara nne hupata alama ya jambo moja. Jibu fupi lenye hatua nne zilizonyooka hupata nne. Wasemaji hodari huumia sana katika utaratibu huu, na wapole waliojipanga hufaidika.

Mfano wa nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III utalionyesha hili. Jopo linaweza kuuliza: mwenyekiti wa kijiji amempa mwekezaji ekari 20 bila kuitisha mkutano, na wananchi wamekusanyika shambani kwa hasira, mtendaji atafanya nini? Jibu linalotoka haraka ni kwamba atamripoti mwenyekiti polisi, au atamsimamisha kazi. La pili ni kosa la moja kwa moja: mwenyekiti amechaguliwa na wananchi, na mtendaji hana mamlaka ya kumwondoa. La kwanza si kosa kubwa, lakini linaonyesha mtu asiyejua vyombo vya kijiji chake.

Jibu lenye alama huanza pale penye moto. Mtendaji ana jukumu la ulinzi na usalama wa raia na mali zao, kwa hiyo kwanza huwafikia wananchi, huwatuliza na kuhakikisha hakuna kinachovunjwa wala anayepigwa. Pili, husimamisha shughuli yoyote kwenye eneo hilo na kupekua kumbukumbu, maana yeye ndiye katibu wa Halmashauri ya Kijiji na mihutasari yote iko chini yake: je, kuna kikao kilichojadili ardhi hiyo? Tatu, humweleza mwenyekiti kinachosemwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kwamba halmashauri haiwezi kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Nne, huandaa kikao cha Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu, unaowahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ili wananchi wenyewe waamue. Tano, humwandikia taarifa Mtendaji wa Kata, kwa kuwa mtendaji wa kijiji huwajibika kwake. Jibu hili huchukua dakika mbili hivi. Halina neno gumu hata moja, na kila hatua yake imeshaandikwa kwenye orodha ya majukumu ya tangazo.

Swali la kwanza karibu kila mahali ni kujitambulisha. Msailiwa ambaye hakujiandaa huanza na tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, idadi ya ndugu na mambo anayopenda. Kinachotakiwa ni elimu inayohusu kazi, uzoefu unaohusu kazi, na sentensi moja kuhusu kinachomfanya aifae nafasi hiyo. Dakika moja na nusu inatosha. Kuhusu udhaifu wake, swali ambalo halikosekani, majibu ya kujisifu kwa mlango wa nyuma, kama kupenda kazi kupita kiasi, yamechakaa na wasaili wameyasikia tangu asubuhi. Ni bora kutaja udhaifu wa kweli usiogusa kiini cha kazi, pamoja na hatua inayochukuliwa kuurekebisha.

Maswali ya maadili yana hazina yake. Kanuni za maadili ya utendaji katika utumishi wa umma zinazungumzia kutoa huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, uwajibikaji kwa umma, kuheshimu sheria na matumizi sahihi ya taarifa za serikali. Kuzikariri kama kasuku kunasaidia kidogo. Kunasaidia zaidi kuwa na tukio dogo kwa kila kanuni: mjomba anayetaka jina la mgonjwa litolewe kwenye faili, mzabuni anayeleta mbuzi wakati wa sikukuu, mkuu anayetaka stakabadhi iandikwe tarehe ya nyuma. Mtu aliyekwisha kuwaza jinsi ya kumkatalia mjomba wake kwa adabu hatababaika akiulizwa.

Lugha huwaangusha watu wenye ujuzi. Kada za shahada huweza kuulizwa kwa Kiingereza, na mhitimu anayeifahamu fani yake kwa kuisoma tu hugundua mbele ya jopo kuwa hajawahi kuitamka. Majibu yafanyiwe mazoezi kwa sauti, kwa lugha zote mbili, mbele ya mtu mwenye ruhusa ya kukatiza. Rafiki wa fani nyingine anafaa zaidi, kwa kuwa atauliza pale asipoelewa. Kujirekodi kwenye simu na kujisikiliza kunachosha, ila hufichua maneno ya kujazia kama “yaani” na “kwa hiyo” vinavyorudiwa kila pumzi. Swali lisiposikika vizuri, inaruhusiwa kuomba lirudiwe. Lisilojulikana hujibiwa kwa kukiri na kusema jibu lake lingetafutwa wapi. Uongo unaotungwa papo hapo mbele ya wataalamu wa fani hukamatwa, na huchafua hata majibu mazuri yaliyotangulia.

Kuhusu mavazi, nguo safi ya heshima inayofaa ofisi yoyote ya serikali inatosha. Viatu vipya vinavyobana ni mateso yasiyo ya lazima, kwa sababu kusubiri huchukua muda mrefu kuliko usaili wenyewe. Msailiwa huingia akisalimia, huketi akikaribishwa, na hujibu akimtazama aliyeuliza bila kuwasahau wengine.

Mbele ya mlango na baada yake

Kila msimu wa usaili huja na matapeli. Wapo wanaouza “maswali yaliyovuja” kwenye magrupu ya WhatsApp, na wapo wanaodai kuwa na mtu wao ndani, wakitaka hela ya “kuharakisha faili”. Kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Rushwa ni kosa kwa mtoaji na mpokeaji chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, na anayeombwa ana TAKUKURU karibu kila wilaya.

Baada ya mahojiano, matokeo hutolewa kwa orodha ya waliopangiwa vituo. Kutokuwemo kwenye orodha ya kwanza hakumaanishi kufeli, kwa kuwa waliofaulu nafasi zikawa zimejaa huhifadhiwa kwenye kanzidata kwa muda maalumu, na mwajiri mwingine akihitaji kada hiyo hupewa kutoka humo bila usaili mpya. Ndiyo maana namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa kwenye akaunti hazifai kubadilishwa kiholela. Aliyepangiwa kituo hupata barua yenye muda wa kuripoti, na huko hukaguliwa tena vyeti halisi kabla ya kupewa barua ya ajira. Asiyeripoti ndani ya muda huo hupoteza nafasi, akapewa mwingine.